Mwajiri Akikukatalia Kufanyia Kazi Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mfanyakazi wa Nairobi

Jibu huwa fupi kuliko ombi. Mfanyakazi anayeishi Ruiru au Kitengela, anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi gari kabla ya barabara kufunga, huandika barua ya kurasa mbili akieleza kwa nini kazi yake inaweza kufanyiwa nyumbani, na baada ya wiki kadhaa hupokea sentensi moja: ombi lako limezingatiwa na halikukubaliwa. Nimezisoma barua nyingi za aina hiyo, kwanza nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi wenzangu, na baadaye nikiwa katika idara ya rasilimali watu, ambako baadhi yake niliziandika kwa mkono wangu. Katika pande zote mbili nimeona jambo moja likijirudia: wafanyakazi wengi huharibikiwa kwa yale wanayoyafanya katika siku chache za kwanza baada ya kukataliwa, hata kama ombi lao lilikuwa na msingi mzuri.

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyeajiriwa kwa mkataba katika ofisi, benki, shirika lisilo la kiserikali, kituo cha kupokea simu za wateja au kampuni ya teknolojia hapa Nairobi. Hauchukui nafasi ya wakili, na pale ambapo wakili anahitajika nitasema wazi.

Hatua ya 1: Endelea kufika kazini

Hili ndilo jambo zito kuliko mengine yote, ndiyo maana limetangulia. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kuthibitishwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliwahimiza waajiri wawaruhusu wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani isipokuwa wale wa huduma muhimu. Tangu wakati huo watu wengi wamezoea kuiona nyumba kama tawi la ofisi. Sheria haijazoea hivyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaorodhesha makosa yanayoweza kuhesabiwa kuwa utovu mkubwa wa nidhamu, ambao adhabu yake inaweza kuwa kufutwa kazi papo hapo, na kosa la kwanza katika orodha hiyo ni mfanyakazi kukosekana, bila ruhusa wala sababu halali, mahali palipowekwa kwa ajili ya kazi yake.

Yazingatie maneno hayo, mahali palipowekwa. Huenda umemaliza ripoti zote ukiwa nyumbani Utawala, umehudhuria mikutano yote kwa video na umejibu barua pepe hadi usiku, lakini ikiwa ofisi yako iko Upper Hill na ombi lako limekataliwa, kwa macho ya sheria hukuwa kazini. Orodha hiyohiyo inataja pia kukataa amri halali ya mwajiri. Nimeshuhudia mfanyakazi mwenye rekodi safi ya miaka mingi akiitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa sababu aliamini kwamba kazi nzuri ingemtetea. Mada ya kikao ilikuwa siku 6 alizokosekana, na ubora wa kazi yake haukuulizwa hata mara moja.

Ikiwa ulikuwa umeanza kubaki nyumbani siku fulani kwa ruhusa ya mdomo ya mkuu wako wa karibu, mwandikie barua pepe siku ileile unapopokea jibu la kukataliwa, ukimuuliza kama ruhusa hiyo inaendelea au inakoma, na ikiwa inakoma, ni kuanzia tarehe gani. Usingoje akutafute. Ukihitaji siku za dharura ili upange upya malezi ya watoto au uuguzi wa mzazi, tumia likizo yako ya mwaka, ambayo kwa sheria haipungui siku 21 za kazi kwa mwaka. Ikiwa shida ni ya afya yako mwenyewe, likizo ya ugonjwa ipo kwa mfanyakazi aliyekwisha kutumikia miezi 2 mfululizo: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kwa kuonyesha cheti cha daktari.

Na jambo dogo linalowaponza wengi: usimlalamikie mkuu wako katika kundi la WhatsApp la idara. Ujumbe wa huko hunakiliwa na kusambazwa kabla hasira yako haijapoa, na utaukuta umechapishwa mezani siku ya kikao.

Hatua ya 2: Jua sheria inakupa nini, na haikupi nini

Hakuna sheria nchini Kenya inayompa mfanyakazi wa kawaida haki ya kudai afanyie kazi nyumbani. Nalisema bila kulizungusha kwa sababu watu wengi hunakili barua za mfano kutoka mitandaoni ambazo zimeandikwa kwa sheria ya nchi nyingine. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 6 Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kisheria ya kuomba mpangilio tofauti wa kazi tangu siku yake ya kwanza, na mwajiri hulazimika kutoa uamuzi ndani ya miezi 2 na kutaja sababu miongoni mwa sababu 8 zilizowekwa na sheria. Hata huko haki hiyo ni ya kuomba, wala si ya kupewa. Ukimwandikia mwajiri wa Westlands kwamba amekiuka sheria hiyo, utakuwa umempa sababu ya kupuuza kila kitu kingine ulichokiandika.

Ulicho nacho hapa ni hiki. Kwanza ni mkataba wako. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka mkataba wa maandishi utaje mahali pa kazi, na panapotokea mabadiliko katika mambo hayo ya msingi, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kuurekebisha mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Usome mkataba wako wote, pamoja na barua za baadaye za kupandishwa cheo au kuhamishwa. Ikiwa umeandikwa kwamba kazi ni ya ofisini, mwajiri anasimama pazuri. Ikiwa umeandikwa kwamba utafanyia kazi nyumbani, au mahali popote, basi hukuwa na haja ya kuomba, na agizo la kukurudisha ofisini ni badiliko la mkataba ambalo halifai kufanywa kwa tangazo la ukutani. Hali ngumu ni ya wale ambao mkataba wao unasema ofisini lakini wamekuwa nyumbani tangu 2020 bila karatasi yoyote. Hao watafute barua pepe, ratiba na tathmini za utendaji zinazoonyesha kwamba mwajiri alijua na aliridhia, kwa maana hizo ndizo zitakazowasaidia kudai angalau mashauriano na muda wa kujipanga.

Pili ni kanuni za ndani za kampuni. Mashirika mengi yana sera ya kufanyia kazi nyumbani iliyofichwa ndani ya kijitabu cha wafanyakazi ambacho hakuna anayekifungua baada ya wiki ya kwanza. Kifungue. Ikiwa sera inasema ombi litajibiwa na kamati, au ndani ya siku fulani, au kwamba anayekataliwa anaweza kukata rufaa, mwajiri akiruka hatua hizo anavunja utaratibu wake mwenyewe, na hiyo ndiyo hoja nyepesi kuliko zote kuishinda. Ikiwa una chama cha wafanyakazi, usome pia mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri.

Tatu ni kinga dhidi ya ubaguzi, na hapa sheria ina meno. Kifungu cha 27 cha Katiba na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira vinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi kama jinsia, ujauzito, ulemavu, dini, kabila au hali ya virusi vya ukimwi, na mbele ya mahakama ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi unaodaiwa haukutokea. Mfanyakazi mwenye ulemavu ana nguvu zaidi, kwa kuwa sheria ya watu wenye ulemavu inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa ili mtu huyo aweze kufanya kazi yake, na kufanyia kazi nyumbani kunaweza kuwa moja ya marekebisho hayo. Kama hali yako ni hii, barua yako isiombe hisani. Itaje ulemavu, kizuizi kinachokupata ofisini au njiani, na marekebisho unayoyahitaji.

Mama anayenyonyesha ajue kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea au kukamua maziwa, na wampe mapumziko kwa ajili hiyo ambayo jumla yake haizidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Hiyo si sawa na kubaki nyumbani, najua. Lakini mwajiri aliyekataa ombi lako na ambaye pia hana chumba hicho yuko katika hali mbaya kuliko anavyodhani, na mara nyingi hulegea akikumbushwa kwa adabu.

Hatua ya 3: Omba sababu kwa maandishi

Mkuu wa idara akikuambia kwenye korido kwamba wakubwa wamekataa, bado hujapewa jibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mfanyakazi ni mali ya namna hiyo. Ndani ya siku 3, andika barua pepe fupi isiyo na lawama. Ofisi nyingi za Nairobi huandikiana kwa Kiingereza, nawe fuata lugha ya ofisi yako. La muhimu ni kwamba mambo haya yawemo:

"Mheshimiwa Meneja, nashukuru kwa kunijulisha leo asubuhi kwamba ombi langu la tarehe 4, la kufanyia kazi nyumbani siku 3 kwa wiki, halikukubaliwa. Nitaendelea kufika ofisini kama kawaida. Ili niuelewe uamuzi huu na nijipange, naomba kuelezwa kwa maandishi sababu zilizozingatiwa, aliyefanya uamuzi, na kama kuna utaratibu wa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Nitashukuru nikipata jibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo."

Sentensi ya pili ndiyo ngao yako, kwa sababu inaonyesha kwamba hukukaidi. Ile inayomtaja aliyefanya uamuzi ina kazi yake pia: mara nyingi hubainika kwamba ombi halikuwahi kufika kwenye idara ya rasilimali watu, liliishia kwenye meza ya msimamizi aliyekuwa na shughuli nyingi. Mtumishi wa umma ana msingi wa ziada hapa, maana Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Zikipita siku 10 bila jibu, tuma ukumbusho mmoja, nakala kwa idara ya rasilimali watu. Hifadhi tarehe zote. Lakini usijitumie nyaraka za kampuni kwenye barua pepe yako binafsi ili uwe na ushahidi; hilo laweza kuwa kosa la kinidhamu kwa lenyewe, hasa nyaraka hizo zikiwa na taarifa za wateja. Barua ulizoandika, majibu uliyopewa na shajara yako ya tarehe vinatosha.

Hatua ya 4: Itafute sababu iliyo nyuma ya sababu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine. Barua za kukataa huandikwa kwa maneno mapana, kama vile mahitaji ya shughuli za kampuni. Nyuma ya maneno hayo huwa kuna hofu moja au mbili za kweli, na mwajiri hawezi kubadili nia mpaka hofu hiyo ijibiwe. Nikiwa upande wa pili wa meza, hofu nilizozisikia zilikuwa hizi.

Hofu ya kwanza ni stima na intaneti. Mwajiri mwenye jenereta jengoni anakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilipokuwa gizani kwa saa nyingi, na anakumbuka pia kwamba haikuwa mara ya mwisho mwaka huo. Usimjibu kwamba mtaa wenu hauna shida ya stima, kwa kuwa hatakuamini. Mwambie una intaneti ya nyaya na bando ya simu ya akiba, una betri inayoweza kuiwasha ruta kwa saa kadhaa, na kwamba stima ikipotea kwa zaidi ya saa moja utahamia mahali fulani unapopataja kwa jina au utafika ofisini. Kisha yatimize hayo kabla ya kuyaandika.

Hofu ya pili ni siri za wateja. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kampuni inawajibika kwa data binafsi inayoishikilia, hata inapofunguliwa kwenye meza yako ya jikoni. Kwa anayeshughulikia mikopo, matibabu au mishahara, hofu hii ni ya haki kabisa. Pendekeza kutumia kompyuta ya kampuni pekee, kutochapisha chochote nyumbani, na kufanya kazi kwenye chumba chenye mlango. Na hapa nakuomba uwe mkweli kwa nafsi yako: kama unaishi chumba kimoja na wenzako wawili Roysambu, simu za wateja hazitakuwa za siri, na heri uziache hizo kwa siku za ofisini kuliko kuahidi jambo ambalo nyumba haiwezi kulibeba.

Ya tatu husemwa kwa mdomo na haiandikwi kamwe: tukikukubalia wewe, wote wataomba. Jibu lake ni kigezo. Msaidie mwajiri aone kwa nini ombi lako linaweza kukubaliwa bila kumfungia kila mtu mlango wala kuwafungulia wote, kwa mfano kwa kuwa kazi yako haina foleni ya wateja mbele yake, au kwa kuwa umetumikia muda fulani bila onyo. Usimtaje mwenzako aliyeruhusiwa kana kwamba unamshtaki; kama kuna mwenye kazi sawa na yako aliyepewa ruhusa, liweke akiba kwa hatua ya 7.

Ya nne ni kazi yenyewe. Mwajiri husema kazi yako inahitaji uwepo wako, nawe hujibu kwamba haihitaji, na mnaishia hapo. Njia ya kutoka ni kuigawa. Kwa wiki 2 andika kila jambo unalolifanya, muda linaochukua na anayehitajika. Mhasibu akifanya hivyo ataona kwamba kulinganisha taarifa za benki, kuandaa mishahara na kuandika ripoti ya mwezi kunaweza kufanyika popote, lakini kupokea ankara za karatasi, kupata sahihi kwenye hundi na kukaa na wakaguzi kunataka ofisi. Akihesabu atapata, tuseme, siku 2 kati ya 5. Ombi la siku 5 lilikuwa limekataliwa kwa haki; la siku 2 halijajaribiwa bado.

Ya tano ni majeraha. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humfanya mwajiri awajibike kwa jeraha linalotokana na kazi na likatokea wakati wa kazi, na baadhi ya waajiri hawajui bima yao inasemaje kuhusu mtu aliyeteleza sebuleni kwake. Pendekeza waulize kampuni ya bima. Ni simu moja tu.

Iko hofu ya sita ambayo hakuna atakayekutajia, nayo ni kwamba hawana imani nawe. Kama una barua ya onyo ambayo muda wake haujaisha, au bado uko kwenye kipindi cha majaribio, nakushauri usubiri. Miezi 6 ya kazi nzuri itakufaa kuliko hoja yoyote.

Hatua ya 5: Rudi na ombi dogo zaidi

Usirudishe barua ileile. Ombi la pili liwe dogo kuliko la kwanza, lenye mwanzo na mwisho, na lililojengwa juu ya sababu ulizopewa. Omba jaribio la wiki 8, siku 2 kwa wiki zilizotajwa, kwa mfano Jumanne na Alhamisi. Kuomba Jumatatu na Ijumaa huwafanya watu wafikirie safari za mashambani, hata kama si nia yako. Onyesha saa utakazopatikana, namna ya kukufikia, kazi utakazokamilisha kila wiki, nani atapima, na tarehe ya kuketi pamoja ili kuangalia matokeo. Sema wazi kwamba kampuni inaweza kusitisha jaribio kwa taarifa ya siku chache, na kwamba likisitishwa utarudi ofisini. Waajiri wengi hukataa kwa kuogopa kwamba wakishakubali hawataweza kurudi nyuma. Ukiwafungulia mlango wa kutokea, huwa wepesi wa kuingia.

Gharama nazo zitajwe mapema. Nani analipia intaneti, na kompyuta ikiharibika nyumbani ni juu ya nani? Kama unaweza kubeba gharama ya intaneti kwa wiki hizo 8 kutokana na nauli utakayookoa, sema hivyo, lakini usiandike kwamba utaibeba daima.

Uzito wa sababu zako binafsi upimwe. Nauli na saa 4 barabarani kila siku ni mateso ya kweli, nami niliyeishi nayo kwenye barabara ya Thika siyadharau, ila mwajiri huyaona kuwa yako. Yaweke katika sentensi moja, kisha uonyeshe kampuni itapata nini. Ikiwa sababu ni ya kiafya, ambatisha barua ya daktari inayosema usichoweza kufanya na kwa muda gani. Haina haja ya kutaja ugonjwa wenyewe. Taarifa za afya ni data nyeti kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo ipeleke idara ya rasilimali watu katika bahasha iliyofungwa au kwa barua pepe ya mtu mmoja.

Hatua ya 6: Kikao

Omba dakika 30, si mazungumzo ya mlangoni. Nenda na karatasi moja. Anza kwa hofu yao kabla ya shida yako: "Bi. Meneja, nimeelewa kwamba wasiwasi mkubwa ni simu za wateja, na nimefikiria namna ya kuzishughulikia." Anayekusikiliza huenda ni mtu uliyemzidi umri, au aliyekuzidi yeye; vyovyote iwavyo, heshima ya kawaida ya Mswahili, ya kumwacha amalize na kutomrushia maneno mbele ya wadogo wake, ina kazi kubwa hapa. Jioni hiyohiyo andika muhtasari wa mlichokubaliana na umtumie.

Ukikubaliwa, usianze kubaki nyumbani mpaka upate maandishi yenye tarehe ya kuanza. Rejea hatua ya 1 ukiona ninarudiarudia jambo hili.

Hatua ya 7: Unapoona kwamba umebaguliwa

Kukataliwa kwa sababu mbaya ya kibiashara si kosa la kisheria. Mwajiri ana ruhusa ya kukosea katika kuendesha kampuni yake. Kukataliwa kwa sababu wewe ni mjamzito, una ulemavu, au ni wa kabila fulani ni jambo jingine kabisa. Dalili huonekana kwa kulinganisha: wanaume 4 wenye kazi kama yako wameruhusiwa na wanawake wote wamekataliwa, au ruhusa uliyokuwa nayo imeondolewa wiki moja baada ya kutangaza ujauzito. Andika tarehe, vyeo na maneno yaliyosemwa, ukiyatenga unayoyajua na unayoyashuku.

Anza na malalamiko rasmi ya ndani, kwa maandishi, ukimhusisha mwakilishi wa chama ikiwa unaye. Yasiposikilizwa, nenda kwa afisa wa leba. Wizara ya Leba ina makao yake Social Security House, Upper Hill, na huko utaelekezwa kwenye ofisi inayohusika na eneo lenu. Unaweza kwenda bila wakili. Beba mkataba, hati ya mshahara, ombi lako, jibu lao na barua za kufuatilia, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Afisa mwenye foleni ndefu mlangoni huisikiliza haraka kesi iliyopangwa. Unaweza pia kulalamika kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa.

Mahakama iwe ya mwisho, na hapo tafuta wakili kwanza. Madai yatokanayo na mkataba wa ajira yana ukomo wa miaka 3. Mfanyakazi ambaye mshahara wake kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000 husikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, na aliye juu ya hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo kwa Nairobi iko Milimani. Usiogope kwamba kulalamika kwenyewe kutakufukuzisha: kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kufungua malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, isipokuwa malalamiko hayo yawe yasiyo na msingi na ya kutowajibika. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kusikilizwa, na kuandamana na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama.

Hatua ya 8: Jibu likibaki kuwa hapana

Kuna vitu vya kuomba ambavyo ni rahisi kupewa kuliko nyumba. Kubadili saa ni kimoja: kuingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa humwondolea mtu wa Syokimau foleni mbili mbaya kwa siku moja. Kuhamishiwa tawi lililo karibu na kwako ni kingine, na likizo bila malipo kwa miezi michache huweza kukuvusha wakati wa ugonjwa wa mzazi au matunzo ya mtoto mchanga. Mwajiri aliyekataa jambo kubwa mara nyingi hutafuta dogo la kukubali, nawe uwe nalo tayari.

Usiandike barua ya kujiuzulu katika wiki uliyokataliwa. Baadhi hushauriwa wajiuzulu kisha washtaki kwamba walisukumwa kutoka. Ni kweli kwamba Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 2015 kuwa mfanyakazi anaweza kujiuzulu kwa sababu mwajiri amevunja mkataba kwa kiwango kikubwa, na hilo likahesabiwa kuwa ameachishwa kazi. Lakini mwajiri anayekutaka ufike mahali palepale mkataba unapopataja hajavunja chochote. Ikiwa umeamua kuondoka, tafuta kazi nyingine kwanza, na katika mahojiano uliza kuhusu mahali pa kazi kabla ya kutia sahihi, kisha hakikisha jibu limeandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka taarifa ya siku 28 kama mkataba hausemi muda mrefu zaidi. Siku ya mwisho, rudisha kompyuta na kadi ya mlango na utiliwe sahihi kwamba umevirudisha, dai malipo ya siku za likizo ambazo hukuzitumia, na uchukue cheti cha utumishi, ambacho chini ya kifungu cha 51 mwajiri anatakiwa kumpa kila aliyemtumikia kwa wiki 4 mfululizo au zaidi, hata kama mmeachana kwa ubaya.